Moyo Kwenda Mbio Usiku: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimefanya zamu za usiku katika kituo cha afya upande wa Ilemela, na watu waliobisha hodi saa nane au saa tisa za usiku wameshika kifua ni wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Bodaboda inazima taa, mgonjwa anashuka, na neno la kwanza huwa lile lile: "Sista, moyo unanienda mbio." Wengi tuliwapima, tukakaa nao, wakarudi kwao kabla ya adhana ya alfajiri. Wachache walikuwa na ugonjwa wa kweli ambao ulikuwa haujagunduliwa. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza, na majibu ni yale ninayowapa nikipata nafasi ya kukaa nao vizuri.

Nimeamka usiku moyo unadunda kwa nguvu. Je, nakufa?

Mara nyingi sana, hapana. Moyo ukienda mbio dakika chache kisha ukatulia, bila dalili nyingine, huwa si jambo la kuua. Ila zipo dalili ambazo zikifuatana nao, usisubiri kupambazuke: kifua kuuma au kubana, hasa maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, kuzimia au kukaribia kuzimia, kuhema kwa shida hali umekaa tu, jasho la baridi, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito. Vilevile mapigo yakizidi 120 kwa dakika na hayashuki hata baada ya kupumzika. Mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, mjamzito, aliyejifungua karibuni, au mtu ambaye kwao kuna ndugu aliyefariki ghafla angali kijana, awahi kuliko wengine.

Ndugu wa mgonjwa, naomba sana: mtu aliyezimia msimkalishe katikati kwenye bodaboda. Tafuteni gari, alazwe. Na kama haitikii na hapumui, mmoja aanze kumkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati wengine wanahangaikia usafiri.

Nahesabuje mapigo ya moyo wangu mwenyewe?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aulize kabla hajaugua. Mtu akija ananiambia "ulikuwa unakimbia sana", sijui sana ni kiasi gani. Akiniambia "ulikuwa 96" au "ulikuwa 170", nimeshajua nusu ya habari.

Kaa. Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu. Weka ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, mahali penye kibonde kidogo. Usitumie gumba, kwa sababu lenyewe lina pigo lake na litakuchanganya. Usibonyeze sana. Ukilipata pigo, tazama saa ya simu, hata kitochi kina saa, uhesabu kwa sekunde 30 kisha zidisha mara mbili. Kama mapigo hayana mpangilio, mara moja haraka, mara moja limeruka, hesabu dakika nzima.

Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Akiwa usingizini hushuka hadi 50 au chini kidogo, na hilo ni sawa. Ukiwa na 105 baada ya ndoto mbaya, moyo unafanya kazi yake. Ukiwa na 160 umelala kitandani na hujaota lolote, hilo ni jambo jingine.

Pamoja na namba, angalia mambo mawili. La kwanza, ulianzaje na ulikwishaje. Moyo wa homa, wa hofu au wa damu pungufu hupanda polepole na kushuka polepole. Moyo wenye hitilafu ya njia za umeme huruka ghafla hadi 150, 180, hata 200, kisha hukata ghafla, na wenyewe husema "kama mtu amezima swichi". La pili, mpangilio. Mapigo yakiwa yamevurugika kabisa, hakuna mawili yanayofuatana kwa nafasi sawa, inaweza kuwa ile hali ambayo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Hiyo inahitaji daktari hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu damu inaweza kuganda humo na bonge likaenda kwenye ubongo likaleta kiharusi.

Mbona mchana sisikii chochote, nikiweka kichwa kwenye mto tu ndiyo unaanza?

Mchana kuna kelele: daladala, wateja, watoto, redio ya jirani. Usiku masikio hayana kazi nyingine, na sikio likiwa juu ya mto unasikia hata damu inayopita shingoni. Ukilalia ubavu wa kushoto, ncha ya moyo husogea karibu na ukuta wa kifua na kila pigo linagonga mbavu. Geukia kulia. Watu kadhaa nimewaambia neno hilo moja tu na usingizi wao ukarudi.

Kuna pia mapigo ya ziada. Moyo ukipunguza kasi usiku, pigo moja linaweza kuwahi kabla ya zamu yake, kisha panafuata kimya kifupi, halafu pigo zito. Unahisi kama moyo umesimama ukaruka. Watu wazima wenye afya njema wanayapata, wengi bila kujua. Yakiwa machache hayana madhara, yakiwa mengi kila siku yapimwe.

Hii si ndiyo presha?

Huku kwetu kila kinachodunda kifuani kinaitwa presha. Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa. Mapigo ni idadi ya mara moyo unavyopiga. Unaweza kuwa na presha ya 180 kwa 110 na moyo unapiga 70 taratibu, hujisikii chochote, na hiyo ndiyo hatari ya presha. Unaweza pia kuwa na moyo wa 130 na presha ya kawaida kabisa, au hata ya chini. Huwezi kuijua presha kwa kusikiliza kifua. Inapimwa kwa mashine, ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano.

Ninasisitiza kwa sababu ya shangazi yangu wa Magu. Moyo ulikuwa unamwendea mbio kila akilala, jirani akamwambia ni presha, akamgawia vidonge vyake. Alivinywa karibu wiki mbili. Moyo ulipungua kasi kweli, lakini yeye akawa hawezi hata kuvuka uwanja kwenda jikoni bila kukaa chini. Alipoletwa mjini akapimwa, wingi wa damu ulikuwa 6, nusu ya kinachotakiwa. Moyo wake ulikuwa unakimbia ili damu ile kidogo izunguke haraka na kufikisha hewa mwilini. Vile vidonge viliufunga miguu. Hakuwa na presha hata siku moja. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo sikubali kunyamaza nikiona mtu anampa mwenzake kidonge cha moyo kwa wema tu.

Damu inapunguaje hadi moyo ukimbie, na huku ziwani kwa nini tunaipata sana?

Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na ukanda huu wa ziwa una malaria nyingi. Kichocho cha tumbo kinakaa kwenye maji ya ziwa letu: konokono wadogo wa pembezoni humwaga vijidudu, vinaingia kupitia ngozi ya anayeoga, anayefua, anayevuta nyavu. Mtu anaishi nacho miaka, damu inapotea kidogo kidogo, hajui. Minyoo ya safura inanyonya damu utumboni. Wanawake wengine hedhi zao ni nzito na wamezizoea wakidhani kila mwanamke yuko hivyo. Ukibadilisha pedi au kitambaa kila saa moja au mbili, hiyo ni nyingi, mwambie muuguzi.

Kipimo cha wingi wa damu kinachukua tone moja la kidole. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12, mjamzito 11, mwanamume 13. Chini ya hapo itafutwe sababu, siyo kukimbilia dawa ya kuongeza damu peke yake. Kichocho kina dawa yake, minyoo ina yake, na huwezi kujaza ndoo inayovuja.

Kwa chakula, tuna bahati. Dagaa, maini, nyama, maharage, mboga za majani, vyote vina madini ya chuma. Kosa letu ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa ukiinywa pamoja na chakula inazuia chuma kisiingie mwilini. Isogeze, inywe saa moja au mbili baada ya kula. Badala yake kamulia ndimu kwenye dagaa au kula chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Usiku kucha niko majini, nikilala mchana moyo hautulii. Nifanyeje?

Pole kwa kazi. Ninyi, walinzi, madereva wa malori na sisi wa zamu tuko kwenye jahazi moja. Mwili una saa yake ya ndani, na mwanga wa jua unaiambia ni wakati wa kuamka wakati wewe unataka kulala. Ongeza nyumba ya bati yenye joto la mchana, jasho, na maji uliyosahau kunywa usiku kucha. Mwili ukikaukiwa maji, damu inapungua ujazo, na moyo unakimbia kufidia.

Ila swali langu la kwanza kwa mvuvi siku hizi ni: umekunywa chupa ngapi za kinywaji cha kuongeza nguvu? Chupa au kopo dogo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini kama miligramu 80. Nimekutana na vijana wanaokunywa tano kabla ya kutia nanga, nyingine wakichanganya na pombe kali. Tano ni miligramu 400, kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima kwa siku nzima. Na kafeini haitoki mwilini upesi: baada ya takriban saa tano, nusu yake bado ipo. Uliyokunywa saa kumi alfajiri bado inakupiga saa tatu asubuhi ukiwa umejifunika shuka unasubiri usingizi.

Kunywa, kama ni lazima, mwanzoni mwa usiku, moja, kisha acha. Beba maji ya kunywa ya kutosha chomboni. Ukitua, oga, kula kidogo, ziba dirisha kwa kitenge kizito, funga macho kwa kitambaa, mwambie mama watoto akulindie saa sita za kulala. Zile siku za mbalamwezi mnazokaa nchi kavu, mwili unageuzwa tena kuwa wa kulala usiku, kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo usingizi kuvurugika ni jambo la kutarajia. Usizitibu kwa pombe.

Pombe inanisaidia kulala. Ina ubaya gani?

Inakulaza, kisha inakuamsha. Ukilala saa nne umelewa, kwenye saa nane hivi pombe imeanza kuisha, mwili unaamka na msisimko, mdomo mkavu, moyo mbio. Tena kunywa kwingi kwa siku moja, kama harusini au sikukuu, kunaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo hata kwa kijana asiye na ugonjwa wa moyo. Gongo na pombe yoyote isiyojulikana imetengenezwaje sina ushauri wa kiasi. Acha.

Na kahawa? Sigara?

Kahawa ya kijiweni ya jioni, ile ya vikombe vidogo na kashata, hamisha iwe ya asubuhi. Sigara ya kabla ya kulala inapandisha mapigo papo hapo, na ya saa nane usiku "ya kutuliza mawazo" ndiyo mbaya zaidi. Mirungi, usiniulize mara mbili: inakimbiza moyo, inapandisha presha, inafukuza usingizi.

Dawa ninazotumia zinaweza kuwa ndizo chanzo?

Ndiyo, na watu hawaambiwi. Dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, inakimbiza moyo kwa muda. Ukiona unaihitaji kila usiku, tatizo ni pumu isiyodhibitiwa, rudi kliniki, usiache dawa. Baadhi ya dawa za mafua za kufungua pua zinafanya hivyo pia. Amlodipini ya presha kwa baadhi ya watu huleta kudunda na kuvimba miguu. Dawa za tezi ya shingo zikizidi kipimo, vivyo hivyo.

Kinyume chake kipo. Propranololi na atenololi, zile zinazopunguza kasi ya moyo, ukiziacha ghafla moyo unarudi mbio kuliko mwanzo, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba inaweza kuwa hatari kubwa. Zinapunguzwa hatua kwa hatua na aliyekuandikia. Mwenye pumu asiguse dawa hizo kwa kununua tu duka la dawa, zinaweza kumbana kifua.

Wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge: ukiamka unatetemeka, jasho limelowesha shuka, njaa, moyo mbio, pima sukari. Ikiwa chini ya 4, au huna kipimo, lamba sukari vijiko vitatu vya chai au kunywa soda ya kawaida yenye sukari, ngoja dakika 15, pima tena. Kisha kula kitu.

Nimeambiwa nimetupiwa kitu. Au ni jinamizi?

Sitamdharau mtu anayeamini hivyo, nimekulia humu humu. Jinamizi ninalolijua kitabibu ni hili: ubongo umeamka lakini misuli bado imefungwa na usingizi wa ndoto. Unaona chumba, huwezi kujigeuza wala kupiga kelele, unahisi kitu kimekukalia kifuani, moyo unakimbia kwa hofu. Linakwisha kwa sekunde au dakika chache. Huja zaidi kwa aliyechoka sana, aliyebadilisha saa za kulala, au anayelala chali.

Ukitaka kusali, sali. Ukitaka kwenda kwa mzee wa kwenu, nenda. Ombi langu ni moja: upime kwanza damu, presha, mapigo na sukari, kabla mtu hajakunywesha dawa yoyote ya mizizi, maana baadhi ya mimea ina nguvu ya kweli juu ya moyo na hakuna anayejua kipimo chake. Maombi hayagombani na kipimo.

Nilipimwa wakasema sina kitu, ni mawazo tu. Lakini moyo unakimbia kweli!

Unakimbia kweli, sibishi. Hilo neno "tu" ndilo linaloumiza. Hofu inamwaga homoni ile ile ambayo ungemwagiwa ukikutana na kiboko ufukweni: moyo unaruka, pumzi inakatika, vidole vinachomachoma, unahisi unakufa. Kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika kumi, kisha hushuka. Shambulio hilo la hofu linaweza kukuamsha kutoka usingizini bila ndoto yoyote. Halafu unaanza kuogopa usiku wenyewe, na jua likizama tu kifua kinaanza kuwaza.

Huo ni ugonjwa wenye tiba, ya mazungumzo na wakati mwingine ya dawa, na hospitali kubwa zina kitengo cha afya ya akili. Kwenda huko si kuwa kichaa. Lakini jibu la "mawazo" linakubalika baada ya vipimo, siyo kabla. Wanawake hasa huambiwa hivyo mapema mno, wakati mwingine damu haijapimwa wala tezi ya shingo haijaguswa. Kama unapungua uzito huku unakula, hupendi joto, mikono inatetemeka, au shingo imevimba, omba kipimo cha tezi kwa jina.

Dakika ile ile inayotokea, nifanye nini?

Kaa kitako, miguu chini. Washa taa ndogo. Hesabu mapigo, andika. Kule kuhesabu kwenyewe kunatuliza, kwa sababu akili imepewa kazi.

Kisha pumua: ingiza hewa kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama unapoza uji. Dakika tano. Kutoa hewa kwa urefu kunaamsha mshipa wa fahamu unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, ambao kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo kasi. Kunywa maji. Kama una homa, pima homa, maana kila nyuzi moja inayopanda huongeza takriban mapigo kumi.

Kwa wale waliokwisha kupimwa na kuambiwa wana ule moyo unaoruka ghafla na kukata ghafla, ipo mbinu. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake. Ukiwa umekaa nusu kulala, puliza ndani yake kwa nguvu sekunde 15 kama unataka kusukuma kijiti chake. Mara moja mwenzako akulaze chali na kukuinulia miguu kama nusu ya kuisimamisha, sekunde 15. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa 43 kati ya 100 moyo wao ulirudi sawa kwa njia hiyo, dhidi ya 17 waliopuliza bila kulazwa. Jifunze mbele ya daktari kwanza. Usikandamize macho. Usimsugue mtu mshipa wa shingo, hiyo ni kazi ya hospitali.

Moyo ukishatulia, usingizi haurudi. Nimekaa macho mpaka asubuhi.

Ukiona kama dakika 20 zimepita hujalala, toka kitandani. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, fanya kitu cha polepole: chambua mchele wa kesho, soma Zaburi au Kurani, kunja nguo. Usingizi ukija, rudi. Kitanda kisijifunze kuwa mahali pa kupambana. Simu igeuze kifudifudi. Kila ukitazama saa unapiga hesabu ya muda uliobaki na moyo unapanda tena.

Asubuhi amka saa ile ile, hata kama ulilala kwa muda wa saa moja tu. Usilale mchana zaidi ya nusu saa. Chakula cha usiku kisogeze mapema, muda wa saa tatu kabla ya kulala ikiwezekana. Ugali mwingi wa saa nne huleta kiungulia, na kiungulia kinachoma karibu karibu na moyo. Na kama mwenzako anasema unakoroma kwa nguvu, kisha kimya, kisha unashtuka kama unazama, mwambie daktari. Njia ya hewa inafungwa usingizini, oksijeni inashuka, moyo unakurupuka kukuokoa.

Mimi ni mjamzito. Ni kawaida?

Kiasi, ndiyo. Damu ya mjamzito huongezeka ujazo kwa karibu nusu na mapigo hupanda kwa 10 hadi 20. Si kawaida kama huwezi kulala bila kuinua mito mitatu, unakohoa usiku, miguu imevimba sana, au umezimia. Dalili hizo zinaweza kuanza mwezi wa mwisho au hata miezi mitano baada ya kujifungua, kwa sababu upo ugonjwa wa misuli ya moyo kulegea unaowapata wazazi wapya. Wakwe huita uchovu wa uzazi. Usikubali, nenda.

Je, mtoto?

Moyo wa mtoto huenda haraka kuliko wa mtu mzima, usimlinganishe na wewe. Lakini mtoto wa shule aliyeumwa koo, baadaye viungo vikavimba kwa kuhama kutoka goti hadi kifundo, kisha anachoka na moyo unakimbia usiku, apelekwe haraka. Koo lisilotibiwa linaweza kuharibu milango ya moyo kwa maisha yote, na sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne humkinga usiharibike zaidi. Msikatishe sindano hizo kwa sababu "amepona".

Nianzie wapi kupima hapa Mwanza?

Zahanati au kituo cha afya cha karibu: mapigo, presha, wingi wa damu, malaria, sukari. Hivyo vitano peke yake vinajibu maswali mengi. Ikihitajika kipimo cha umeme wa moyo, ECG, utapelekwa hospitali kubwa zaidi, kama Sekou Toure, na Bugando ndiyo ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa. Hakiumi: unalala, unabandikwa nyaya, dakika chache kimekwisha. Kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti kinaonyesha milango na misuli. Wachache wenye tatizo kubwa hufikishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kungoja kivuko usiku na mgonjwa. Wa Ukerewe bado mnategemea maji, kwa hiyo msingoje hali iharibike ndipo mtafute chombo.

ECG ikiwa safi haimaanishi umedanganya. Inapiga picha ya dakika ile tu, na moyo wako ulikimbia jana. Ndiyo maana wengine hufungwa kifaa kidogo cha kurekodi saa 24 au zaidi. Na ikitokea uko macho na mbio zimeanza, kimbilia panapopimwa wakati ungali unadunda.

Saa za mkononi zinazopima mapigo ni za kuaminika?

Kwa kujua kasi, zinasaidia. Zikikaa legelege au mkono ukitikisika hukosea. Linganisha na vidole vyako.

Siku ya kliniki nije na nini?

Dawa zako zote kwenye mfuko, hata za mitishamba, na kadi ya bima kama unayo. Mlete anayelala chumba kimoja nawe. Na lete karatasi. Mama mmoja muuza sato wa Mwaloni aliniletea nyuma ya risiti yake mistari mitatu: "Jumanne saa 8 na robo usiku, 168, ulianza ghafla, dakika 20, ulikata ghafla. Ijumaa saa 5, 172, vile vile. Jumapili hakuna." Hakuwa na homa, hakunywa kahawa, damu yake ilikuwa 13. Daktari aliisoma ile risiti akiwa bado amesimama mlangoni, akasema, "Huyu leo leo apate ECG," na barua ya rufaa ikaandikwa kabla hajakaa.